Kitabu cha Pili

Ofisi ya parokia Lukuledi hufunguliwa saa tatu,
ila ufunguo anao Bwana Kastori, na Bwana Kastori
yuko shambani, anapulizia mikorosho salfa.
Alifika saa tano, nyusi za njano,
akanawa mikono mara mbili kabla ya kugusa kitabu.

Nilifuata cheti. Hospitali wanasema
mzee hatibiwi bure mpaka uzee wake uandikwe,
na wa mama yangu umeandikwa magotini tu.

"Jina la baba?" Anselmi Nantende.
Kidole kikashuka safu ya Kilatini,
kikapita watoto wa njaa, watoto wa mwaka wa nzige,
mapadri watatu wenye miandiko mitatu,
mmoja akikata herufi kama anayepasua kuni.
Pembeni, kwa penseli, hesabu ya nyumba.
Babu alikuwa akisema kitabu hiki kina miguu:
Jumapili kanisani, Jumatatu bomani;
ukijibu "Amina," karani wa kodi anaitika.

"Huyu hapa. Agripina."
Nikashusha pumzi. Kidole hakikuondoka.
Kando ya jina palikuwa na msalaba,
mdogo kama unyayo wa kifaranga,
na namba iliyotupeleka kabati la chini,
kwenye kitabu cha pili, chembamba, cha marehemu.

Agripina binti Anselmi. Miaka mitatu. Surua.

Mama alizaliwa baadaye, akapewa jina
kama gauni ambalo halijachakaa.
Babu hakurudi kuandikisha.
Nyumba ilikwisha kuhesabiwa.

Shule, ndoa, kura, kadi ya chama cha msingi,
kote mama ameitikia mwito wa dada yake.
Amezeekea ndani ya mtoto wa miaka mitatu.

Bwana Kastori alitazama nje,
watoto wa kipaimara wakifagia uwanja na kusukumana.
Alikaa hivyo mpaka nikasikia saa ya ukutani.
Kisha akafunga kitabu cha pili, kile kwanza.
Akahohea muhuri, akagonga. Wino ukashika nusu.
Akagonga tena.
"Elfu mbili," akasema. "Risiti sina."

Nyumbani mama aliipapasa karatasi kwa dole gumba,
akanifanya nimsomee tarehe mara mbili,
akacheka mpaka akakohoa.
"Wamenizidishia miaka mitano!
Sasa hiyo yote niipeleke wapi?"
Akaikunja, akaitia kwenye kopo la chumvi.