Mkalimani wa Korti ya Pili

Mimi sina upande. Niliapa hivyo
mwaka nilioajiriwa, mkono juu, Biblia ya kuazima:
kuyavusha maneno toka mdomoni hadi kwenye faili
bila kuyatia chumvi, bila kuyachuja.
Kisumu, Korti ya Pili. Feni moja inazunguka.
Ya pili inasubiri zabuni.

Leo ni ombi la Plista Adundo wa Obunga,
mkaangaji wa mgongo wazi,
ile mifupa ya mbuta inayobaki kiwandani
minofu ikishapanda ndege.
Tingatinga la kaunti lilifika Jumanne, alfajiri.
Makarai saba. Meza. Mabati kumi na mawili.
Ilani ilibandikwa, asema wakili wa kaunti.
Wapi?
Langoni mwa ofisi.
Ofisi ipi?
Ile iliyofungwa tangu Ijumaa.

Wakili anakohoa, anashika sheria ndogo,
kifungu, kijifungu, herufi ndani ya mabano:
"Kaunti ina mamlaka iliyopewa."
Nageuza kwa Dholuo, neno kwa neno.
Plista anatikisa kichwa, anakubali.
"Sawa. Nani aliwapa?"

Hapo hata karani aliacha kuchapa.
Swali hilo lina maktaba nzima.
Kuna waliosema sheria ni amri ya mwenye rungu;
wengine, ni mazoea tuliyokubaliana bila kuambiana,
kama foleni ya mitungi bombani;
wengine wakaapa kwamba sheria dhalimu
si sheria, ni karatasi yenye muhuri.
Plista hajawasoma. Yeye anatoka jikoni:

"Mgeni nilimkaribisha sebuleni.
Nikampa kiti, nikampa chai.
Kile kiti
hakikumpa ruhusa ya kufunua sufuria zangu."

Jaji anaandika, polepole.
Wakili wa Plista anarukia Kilatini,
maneno mawili yaliyovaa wigi.
Namgeuzia mama: *asema wamevuka mpaka wao.*
Ananitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wake mwenyewe.
"Si ndivyo nilivyosema?"
Nalivusha na hilo. Niliapa.

Kisha likaja neno ambalo miaka kumi na tisa
linaninyima usingizi.
Wakili: mteja wangu ana *haki*.
Jaji: *haki* itatendeka.
Kwa Kiingereza hayo ni maneno mawili,
hayajuani hata kwa herufi.
Kiswahili kimeyalaza chumba kimoja:
ninachodai, na ninachotendewa.
Zamani niliona ni uhaba wa lugha.
Siku hizi nashuku ni ukaidi wake,
kukataa nishike kimoja
kingine kikiwa nje kwenye mvua.

Uamuzi ulisomwa saa nane na nusu.
Ilani ni batili. Bomoabomoa ilikiuka utaratibu.
Mlalamishi asikilizwe kwanza,
ndipo kaunti iamue upya.
Watu wa Obunga nyuma wakapiga makofi, wakanyamazishwa.
Plista hakupiga.

"Kwa hiyo wataniuliza, kisha wabomoe?"
Nikampelekea jaji. Jaji akavua miwani.
"Wanaweza. Wakiwa na sababu. Na waiandike."
"Lakini wataniuliza."
"Ni lazima."
"Wakiwa wamekaa, au kwenye tingatinga?"
Nikatafuta namna ya kulivusha hilo bila kucheka.
"Wakiwa wamekaa," alisema jaji.

Mama akafunga leso yake, fundo mbili.
"Basi nitaanza na bei ya makarai."

Faili haina safu ya kuandika jinsi mtu anavyosimama.
Imeandikwa tu: ombi limekubaliwa kwa sehemu,
kila upande ujilipie gharama.
Kwa sehemu. Nimelitafsiri mara elfu
na bado sijui ni sehemu ya nini.

Mimi sina upande.
Jioni nilipita Obunga. Mafuta yalikuwa yakilia
katika karai moja la kuazima, juu ya mawe.
Nikanunua vipande viwili, akataka kuniongezea cha tatu.
Nikakataa. Nikalipa bei kamili, nikasubiri chenji,
maana hata shukrani, korti ikiiangalia vibaya,
yaweza kuitwa hongo.