Prosesa ya Viini Vinane

Gantömör ameziweka prosesa mbili juu ya kioo cha kaunta,
kila moja ndani ya kasha lake,
pana kama biskuti, nyembamba kama sarafu,
na bei zake hazifanani hata kidogo.
Nje, Ulaanbaatar iko nyuzi thelathini chini ya sifuri,
moshi wa makaa umeshuka mpaka kwenye madirisha,
na mimi bado nimevaa glavu,
kana kwamba nisipozivua sitalipa.

"Hii," anasema, "ina viini kumi na sita.
Hii ina vinane, ila vina mbio,
na kumbukumbu yake imerundikwa mlangoni,
haiendi mbali kutafuta kitu."
Anasema na Sarnai, hasemi nami.
Mimi ni mkoba uliokuja kwa miguu yake.

Sarnai anauliza joto, anauliza wati,
anauliza kama bodi ya mtumba aliyonunua kwa Tsogtoo
itaipokea hii, na ile itakayokuja baada ya hii.
Ana miaka kumi na tisa.
Sijawahi kumsikia akiuliza kwa utulivu hivyo,
hata kwa daktari aliyempasua baba yake.

Kisha ananigeukia, anauhurumia ujinga wangu:
"Mama, ningekuwa nacheza tu, ndogo ingetosha.
Lakini nacheza huku narusha mubashara.
Kichwa kile kile kinakimbiza adui bondeni
na papo hapo kinakunja picha, fremu sitini kila sekunde,
kinazifunga, kinazituma kwa watu.
Kikizidiwa, picha inakwama,
na watu hawasubiri."

Hapo ndipo nilipovua glavu.

Mwanangu, miaka kumi na saba
nimekaa kwenye meza ya simu za ambulensi.
Sikio la kushoto: mwanamume analia, mkewe hapumui.
Mkono wa kulia: naandika mtaa, ua, rangi ya lango.
Mdomo: bonyeza kifua, hesabu kwa sauti, usiache.
Jicho: gari gani liko karibu, gari gani halina mafuta.
Kichwa ni kimoja.
Nani kakwambia sijui kukwama ni nini?
Usiku mmoja wa Februari nilikwama,
pumzi mbili, labda tatu.
Jina la mtaa ule sijamtajia mtu.

Nikamuuliza Gantömör swali langu la kwanza:
"Hana wa kumsaidia?"
Akaduwaa. "Nani?"
"Huyu mwenye vinane. Hiyo kazi ya kukunja picha,
lazima aifanye yeye?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza toka tuingie.
Akakuna kidevu.
Kadi ya picha, akasema, ile aliyo nayo tayari binti yako,
ina fundi wake mdogo ndani, kazi yake hiyo tu.
Mpe huyo mzigo, kichwa kibaki na mchezo.
Kulisema hilo kulimgharimu tugriki laki saba,
na nilimwona akizihesabu zikiondoka.

Tukachukua ile ya vinane.
Akatuongezea bure kibomba cha dawa ya kupozea,
kama muuza nyama anavyoongeza mfupa.
Sarnai akalitia kasha ndani ya koti, kifuani.
Nikamwambia ni chuma, hakisikii baridi.
Hakulitoa.

Ijumaa, saa tisa usiku, simu zimetulia.
Nafungua simu yangu chini ya meza.
Yupo: uso wa bluu pembeni mwa picha,
hedifoni kubwa kuliko kichwa,
anacheka na watu asiowaona, anawaita kwa majina,
vidole vyake vinafanya jambo jingine kabisa.
Watazamaji kumi na mmoja.
Nikawa wa kumi na mbili.

Nikangoja picha ikwame.
Farasi akavuka mto, maji yakaruka tone kwa tone,
hakuna kilichoganda
isipokuwa Tuul, mto wetu, huko nje gizani.

Taa nyekundu ikawaka.
Nikamlaza kifudifudi kando ya kikombe,
sauti yake ikisikika kwa mbali, bila kukatika,
nikasogeza kipaza sauti mdomoni.
"Ambulensi. Sema, nakusikia."