Ajizi

Argoni ni gesi ajizi.
Haiwaki, haiozi, haioi wala haiolewi;
ukiipa oksijeni, inageuza uso.
Na ajizi, tumeambiwa, ni nyumba ya njaa.

Basi njoo Sulcis, kusini-magharibi mwa Sardinia,
kwenye shimo la makaa lililofungwa
mwaka ambao Bonaria Murtas alivunjika jino la mbele.
Mji ukabaki na mikahawa miwili
na wanaume wanaokohoa kwa zamu.

Sasa ndani ya shimo lile lile
wameteremsha mnara wa chuma cha pua,
mita mia tatu na ushei, mwembamba kama koo la chupa,
na ndani yake baridi isiyo na jina kijijini.
Humo argoni huchemka, hupanda, hugeuka matone, hushuka,
huchemka tena,
mara elfu, na elfu nyingine,
mpaka ile thelathini na tisa, pungufu ya nyutroni moja tu,
ijitenge juu kama makapi kwenye ungo,
na arobaini, tulivu, itue chini.

Ile nyepesi ndiyo mchongezi:
humeta yenyewe, hubisha hodi pasipo mgeni.
Na kinachongojwa ni hodi moja, hafifu,
ya maada ya giza,
ambayo pengine imepita kifuani mwako ukisoma mstari huu,
au pengine haipo.

"Leo mmepata kiasi gani?" huuliza baba yake,
Antioco, mpira wa oksijeni puani.
"Gramu."
"Gramu ngapi?"
"Gramu, baba."
Yeye alihesabu mabehewa.
Hucheka mpaka kikohozi kimkumbuke.

Usiku wa zamu Bonaria huchungulia vipimo,
valvu ya nne inalia, haivuji;
anatafuna mkate mkavu na jibini ya kondoo
huku ule uvivu ukidondoka chini kabisa,
tone,
tone,
mshahara wa watu kumi na wanane.

Alfajiri anamnyoa baba.
Juu ya nyusi mzee ana kovu la buluu:
vumbi la makaa liliingia kwenye jeraha
mwaka wa sitini na tisa, ngozi ikafunga mlango.
Analisugua kwa kidole gumba chenye povu.
Amelisugua tangu utotoni.
"Acha," asema mzee, "hilo halichujiki."
Naye anaendelea, kidogo tu.