Nyayo za Mwezi wa Saba

Mwezi wa saba Waithaka, jua ni mgeni wa heshima:
huchelewa kuja, huwahi kuondoka,
na hata akija hakai, chai haonji.
Ukungu umeshuka toka Ngong tangu juzi,
umelala juu ya mabati yetu kama ng'ombe mgonjwa,
unadondoka tone, tone,
hadi maranda ya bandani yamekuwa uji.

"Mbithe," baba ananiita. "Leo ni siku ya miguu."
Anatangulia na kigoda, na tochi,
na lile koti la kazi la reli
lisilobaki na kifungo hata kimoja.
Kuinama hawezi tena. Kuagiza, anaweza.

Nawashusha mmoja mmoja kutoka kwenye fito,
wazito kwa usingizi,
joto lao lote chini ya mbawa, baridi yote miguuni.
Namlaza kuku chali mapajani, kichwa kwapani,
namsoma nyayo kama barua
ya mtu asiyejua kulalamika.
Maana kuku haugui kwa sauti.
Atachakura leo, atachakura kesho,
keshokutwa utamkuta kwa mguu mmoja ukutani
kama mtu anayesubiri kulipwa deni.

Karani ni mzima. Matope tu katikati ya vidole.
Shangazi magamba yameinuka,
yamesimama kama vigae vya paa la zamani.
"Utitiri," asema baba. "Mpake mafuta ya mgando,
usimbanie, yaingie mpaka chini ya gamba."
Jogoo ananirushia mguu, kipi chake kinanichana mkono.
"Teke la kuku," baba anaanza.
"Mimi si mwanawe," namkata.
Anacheka mpaka tochi inatikisika
na vivuli vyetu vinapanda na kushuka ukutani.

Wa mwisho ni yule mwekundu,
niliyemnunua Jumamosi kwa Gacheri, Kawangware.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni,
na kweli: uzi wa gunia, wa buluu,
waliomfungia wakasahau,
umezama, nyama imeufunika
kama mti unavyomeza seng'enge.
Siku nne ametembea nao,
na siku nne nimemtazama akitembea
nikisema, huyu ana maringo.

Maji ya vuguvugu. Chumvi.
Mkasi wangu wa kushonea, uliopitishwa motoni.
Nakata. Navuta. Hapigi kelele,
ila jicho lake lafumba kutoka chini kwenda juu,
na kidole chake kimoja
kinajikunja juu ya kidole changu.

"Akauke kwanza," baba anasema, "ndipo ufunge kitambaa.
Kidonda na unyevu ni ndugu."
Maneno ya Nesi Chelagat, neno kwa neno,
aliyomwambia yeye pale zahanati
siku mashine iliposhindwa kuihesabu sukari yake.
Kila jioni, mzee, tazama nyayo.
Usipoweza, utazamiwe.
Kila jioni baba husema ameshatazama.

Kuku wamerudi fitoni, wanasukumana, wananung'unika.
Beseni nimelimwaga, nimelijaza upya, linafuka mvuke.
Sisemi neno. Naupakata mguu wake wa kulia,
navua kiatu, navua soksi ya kwanza, ya pili.
"Mimi sitagi," asema.
Lakini ametulia, kama walivyotulia wote.

Kwenye wayo, karibu na kisigino,
pana kishimo chekundu,
na ndani ya kiatu, punje ya mahindi.
Moja. Kavu. Ya chakula cha kuku cha asubuhi.
Tangu alfajiri ameikanyaga,
bandani, dukani, kwa fundi wa redio na kurudi.

"Panauma?"
"Wapi?"

Tochi naishika mimi sasa.
Naosha. Nakausha katikati ya vidole, kimoja kimoja,
namulika tena mahali pale pale.
Ameomba aione ile punje.
Anaigeuza kiganjani, anaigeuza,
kama aliyepewa picha yake
asiyokumbuka ilipigwa lini.

"Usiitupe," asema hatimaye.
"Hii ni ya mwekundu, kesho."