Nukta Nchi Kavu

Tulimngoja amalize kufukia mayai, Kigamboni,
saa nane usiku, tochi zetu nyekundu chini chini.
Gundi haikutaka kukauka. Mwanakheri alimfunika macho
kwa kitambaa kibichi, akimbembeleza kama mzazi wodini:
"Tulia bibi, tulia, kibeti tu tunakubebesha."

Kwenye daftari ni mia nne na tatu. Sisi tulimwita Somo.

Kifaa chenyewe kina adabu: ndani ya maji hakisemi.
Akiibuka kuvuta pumzi, kinaiita setilaiti,
neno moja, kisha kimya.
Miezi mitano nilizisoma pumzi zake
Kunduchi, kwenye kompyuta yenye ufa, chai ikipoa:
pumzi Sinda, pumzi mbili Fungu Mbaraka,
halafu siku tatu bila neno,
nami chakula hakipiti.

Jumanne alfajiri zikaja mfululizo.
Pumzi, pumzi, pumzi, pumzi.
Mkuu wa kitengo akapiga meza: "Leo data zimejaa!"
Nilinyamaza. Kasa gani huyo
wa kupumua saa tisa nzima asizame?

Nukta ikafika Feri. Ikakaa kidogo.
Ikashika barabara ya Kilwa, ikasubiri mataa
kama mtu mwenye leseni,
ikalala Tandika.

Nilikikuta kwa fundi simu, Hamduni,
kati ya chaja zilizokufa.
"Dada, simu gani hii? Nimetafuta pa kuweka laini
mpaka macho yameuma."
Kakinunua elfu nne. Kwa nani? Kwa kijana.
Kijana yupi? Kijana tu.

Nikakigeuza. Chini, kwenye gundi,
kipande cha gamba, chembamba kama ukucha.
Huenda kilibanduka chenyewe; hutokea.
Huenda.
Sikuuliza Jumatatu usiku nani alikula nini.
Nilimpa elfu kumi. Akahangaika na chenji
mpaka akaipata.

Sasa kiko mezani pangu. Sijakizima.
Kutwa kinaitangazia mbingu
kwamba Somo yuko Kunduchi, ghorofa ya kwanza,
karibu na jagi la umeme,
anapumua, anapumua.

Jana, wenzangu walipotoka,
nilijaza ndoo maji ya bahari, nikakitumbukiza.
Kikanyamaza.
Nikavuta kiti, nikakaa
kumsubiri aibuke.