Nakala Mia Mbili

Dakta Luhende ameleta dodoso lake nimtolee,
nakala mia mbili, pande zote, zibanwe pini.
Amekaa kwenye stuli anakunywa maji ya chupa,
na mimi, mashine inapotema karatasi zenye joto,
nasoma. Ndiyo kazi yangu hapa Kanyenye, Tabora,
mwaka wa kumi na moja sasa:
kusoma nisichoulizwa.

Sababu zinazoathiri ufaulu wa wanafunzi wa chuo.
Weka alama ya vema. Umri. Jinsi. Elimu ya mzazi.
Saa unazojisomea kwa siku.
Umeridhika na maktaba: sana, kiasi, hapana.

Mashine inahema. Naongeza rimu.

Dakta, mimi matokeo nayajua kabla ya ubao wenu.
Nayajua kwa sarafu.
Bumu likitoka wananijia na noti nyekundu:
"Blaza, toa kitabu kizima, na jalada weka."
Likichelewa wanachagua kurasa
kama mtu anayechambua dagaa sokoni,
hii, hii, ile acha.
Na swali, mwenyewe unajua,
hutoka kwenye ile iliyoachwa.

Yupo Nyamizi, baba yake analima tumbaku Urambo.
Mwaka ule malipo ya chama yalikwama hadi masika,
bumu lake likapanda basi likarudi nyumbani,
likawa mbolea, likawa sare ya mdogo wake.
Yeye akaja hapa na kalamu.
"Naomba kusimama tu pembeni, ninakili kwa mkono."
Wiki tatu, kiwiko juu ya friji la soda,
mimi nikijifanya sioni.
Alichokiandika kwa mkono hakikumtoka kichwani.
Alipata A, na miguu iliyovimba.

Usije ukaandika, Dakta, kwamba ufukara unafaulisha.

Maana yupo pia Bihanda wa Kasulu,
aliyewafundisha wenzake takwimu kwenye benchi hilo,
akichora mistari juu ya maboksi yangu ya karatasi.
(Boksi moja ninalo bado. Natunzia betri.)
Jaribio lilitolewa Jumatatu likawekwa Jumamosi,
tangazo likarushwa kwenye kundi la simu saa nne usiku.
Bihanda hakuwa na bando.
Jumatatu alifika amechana nywele,
kalamu mbili mfukoni,
akakuta chumba kina viti tu.
Sifuri ile ikazaa sapu, sapu ikazaa mengine,
mpaka treni ya Kigoma ikambeba na godoro lake.

Wewe ndiye uliyelihamisha.
Sikusemi. Natoa nakala.

Wapo walioangushwa na malaria wiki ya mitihani.
Yupo aliyeangushwa na mapenzi, tena ya mtu wa Nzega
ambaye hata hakujua anapendwa.
Na yupo Kapela, aliyefeli kwa uvivu mtupu;
huyo tusimtafutie sababu.

Na mimi? Nilidisko mwaka wa pili.
Hakuna aliyeniletea karatasi ya kujaza.
Nilikuwa nakaa mbele. Siku moja nikauliza swali,
darasa likacheka, na mwalimu naye akacheka kidogo.
Kidogo tu, kama mtu anayepiga chafya.
Kesho yake nikahamia nyuma.
Kutoka kiti cha nyuma hadi mlangoni
ni hatua nne, Dakta. Nilizihesabu
siku niliyozipiga.

Mashine imekwama kwenye nakala ya mia na arobaini.
Naifungua tumbo, navuta karatasi iliyokunjamana,
nainyoosha juu ya goti.
Chini kabisa, baada ya visanduku vyote:
Mengineyo (taja).
Halafu nukta. Kumi na mbili.

Dakta anatazama saa.
"Bado nyingi?"

Bado sitini, namwambia.
Ila hapa chini pamebana.
Nikuongezee mistari?
Sitakutoza.