Kabla, Wakati, Baada

Jumanne usiku, chumba cha juu ya maktaba, Grimsby.
Mvua inakwaruza madirisha,
makoti yananuka samaki wa kiwandani.
Bi Blanchard anamwaga kadi mezani kama karata:
kwanza, halafu, kabla, wakati, mpaka, baada, hatimaye,
zote kwa Kiingereza, kwa kalamu nene ya kijani.
"Hadithi isiyo na viungo hivi," anasema,
"ni mifupa ndani ya gunia."

Mimi msaidizi wake, nagawa penseli,
nawaza kwetu herufi mbili zingetosha:
akaja, akakaa, akala, akaenda zake.
Ka hubeba msafara mzima bila kudai nauli.
Lakini ka hupanga mambo foleni;
mawili yakigongana mlangoni,
ka hupigwa butwaa.

Vaidotas amekuja na hadithi ya mistari miwili.
Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu.
"Nilisafisha mashine. Halafu mashine iliwaka.
Halafu damu. Halafu hospitali."
Hata Jolanta anaacha kutafuna biskuti.

Ripoti ya kampuni anayo mfukoni, imekunjwa mara nane:
Baada ya mashine kuwashwa, mfanyakazi aliingiza mkono.
Bi Blanchard anaisoma, anavua miwani.
"Neno moja," anasema taratibu,
"neno moja tu, na kosa limehama nyumba."

Anazisukuma kadi kwa ncha ya kidole.
Kabla? Wakati?
Vaidotas anazitazama
kama mtu atafutaye ufunguo wake gizani
katika shada la funguo za wengine.
Anaandika. Anafuta. Karatasi inatoboka.
Anaomba nyingine.

Kisha anasimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame:
"Kabla sijamaliza kusafisha, msimamizi aliwasha mashine.
Wakati inawaka, mkono wangu ulikuwa bado ndani.
Nilipiga kelele mpaka Jolanta alipobonyeza kitufe chekundu."

"Mpaka," Jolanta anarudia, macho kwenye biskuti.
"Mpaka.
Ilikuwa mbali sana, hiyo mpaka. Nilikimbia na mabuti."

Saa tatu mlinzi anazima taa za ngazini.
Kesi ni Alhamisi.
Bi Blanchard anahesabu kadi: moja imepungua.
Vaidotas anainua kikombe chake, anaitoa chini yake,
hatimaye, wino umechuja kwa chai.
"Hii sikuitumia," anasema,
anaifuta kwenye suruali,
anamrudishia.